Jauhari Aliyeulizwa Jiwe

Mtu mmoja alikuwa na jicho, na jicho hilo ndilo lililomlisha. Jina lake Girdhari. Babu yake alitoka Jaipur, Bara Hindi, mji wenye sifa ya kukata na kung'arisha vito, akaja kufungua duka katika mtaa wa masonara wa mji mmoja wa pwani. Mji wenyewe siutaji, maana nikiutaja mtasema hizo ni habari za watu wengine. Masonara walikuwa wengi katika mtaa ule, watu wa kufua dhahabu na fedha, lakini jauhari alikuwa mmoja. Sonara hutengeneza. Jauhari hutazama, kisha husema hiki ni kitu na hiki si kitu, na akishasema hakuna wa kumkatia rufaa.

Alilipenda neno hilo, jauhari, kuliko jina alilopewa na baba yake. Mteja akikaa kungoja, hana budi kusikia habari zake. Neno hili limetoka Uajemi, atasema, huku anafuta kito kwa kitambaa, na Waajemi walilitamka gauhar. Kwao lilikuwa jiwe la thamani, na pia lilikuwa asili ya kitu, kile kilichomo ndani kinachokifanya kiwe hicho na si kingine. Hata nasaba ya mtu waliweza kuiita hivyo. Waarabu wakalichukua, wakasema jauhar, na wanazuoni wao wakalitumia kwa dhati ya vitu. Likafika Bara Hindi likakuta watu wanaopenda vito, likakaa. Katika Kihindi jauhar ni kito, na ni ubora wa mtu, na ni yale mawimbi membamba yanayoonekana katika upanga wa chuma kizuri. Wahindi wakisema fulani ameonyesha jauhar yake, hawana maana ametoa kito mfukoni. Wana maana mambo yamemfika shingoni, na kilichomo ndani yake kimetoka nje watu wakakiona. Nanyi Waswahili, atamalizia, mkapata johari yenu katika safari hiyohiyo. Basi jauhari si muuzaji. Jauhari ni mtu ajuaye kilichomo. Hapo hunyamaza kidogo ili mteja apate nafasi ya kumstahi.

Mji ule ulikuwa na desturi yake, na desturi ndiyo mama wa habari hii. Kidani kipya au bangili mpya ya kununuliwa ilipimwa mbele ya mashahidi, jiwe kwa jiwe. Lakini kito cha urithi hakikupimwa kamwe. Kukiweka kito cha marehemu chini ya lenzi ilikuwa sawa na kumfukua marehemu umuulize kama alikuwa mkweli au mwongo. Watu waliita jambo hilo adabu. Kito kilipelekwa kwa jauhari kusafishwa tu, kila mwaka, kabla ya mwezi wa Ramadhani, na jauhari alikirudisha na maneno yaleyale: kiko vilevile. Mwenye nyumba akiyapata maneno hayo alilala usingizi mzuri. Funika kombe mwanaharamu apite, na mji mzima ukajaa makombe yaliyofunikwa.

Katika nyumba ya Mwinyi Shaame, mtu wa mashamba ya mikarafuu na sauti katika kila shauri, kulikuwa na kidani cha urithi cha dhahabu chenye yakuti nyekundu katikati, kubwa kama kokwa ya ukwaju. Kidani hicho ndicho kilichoifanya nyumba ile iitwe nyumba. Mabinti zake waliposwa kwa sifa ya kidani. Magomvi ya mtaa yalipatanishwa mbele yake, kwa kuwa watu walijiambia kwamba wenye yakuti kama ile hawawezi kuwa na neno la uongo. Msiwacheke. Kila ukoo una kidani chake cha namna hiyo, wako unacho na wangu unacho, na hatupendi kiguswe.

Aliyekibeba kwenda kusafishwa alikuwa mtumishi, Bi Mize. Aliingia nyumba ile angali kigori, akazeekea humo. Mke wa Mwinyi alipofariki akiacha mtoto wa kutambaa, Bi Mize ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha uji, akamfundisha kusuka ukili na kusoma Juzuu Amma. Mtoto huyo ni Sabaha. Bi Mize hakuolewa wala hakuzaa. Chumba chake kilikuwa uani, ubavuni mwa jiko, na mali yake yote ilikuwa jina lake, kwamba nyumba unaweza kumwachia funguo ukaenda hija ukarudi. Alikuwa mwanamke mkavu wa maneno. Hakucheka ovyo, na mtoto aliyedokoa sukari hakumpita.

Kila mwaka alikaa juu ya kigoda katika duka la Girdhari, akasikiliza habari za neno kutoka Uajemi mpaka pwani, kana kwamba hajapata kuzisikia. Mwaka mmoja alimwuliza kioo hujulikanaje. Girdhari alifurahi kuulizwa. Akamwambia kito halisi ukikigusisha mdomoni hubaki baridi, lakini kioo hupata joto upesi, na ukikitazama kioo ndani kwa lenzi mara nyingi utaona viputo vidogo vya hewa. Bi Mize akafikiri, kisha akasema kwamba basi kioo ni kama mtu asiyekuwa na msimamo, ukimkaribia tu anakubaliana nawe. Girdhari akacheka mpaka machozi. Hakujua anachekea nini.

Maana Girdhari alikuwa na siri yake. Mara ya kwanza kidani kile kufika mikononi mwake alikuwa kijana, amekaa kando ya baba yake akijifunza kazi. Kwa mazoea tu akaligusisha jiwe mdomoni. Likapata joto. Akachukua lenzi, akaona viputo, akamwonyesha baba yake, akidhani atasifiwa. Baba akakitwaa kidani, akakifuta, akakikunja katika kitambaa chake. Akamwambia kwamba cha urithi hakipimwi, na kwa hiyo yeye hakukipima. Yakuti ya asili iliuzwa lini, na nani, kwa shida gani, Girdhari hakujua wala hakuuliza. Lakini tangu siku ile alijua kwamba shingo ile kubwa ya mji imevaa kioo. Na si shingo ile tu. Kadiri miaka ilivyopita aliyajua masanduku ya nyumba nyingi, wapi kuna kitu na wapi hakuna kitu, na kwa wote alisema kiko vilevile.

Wala hakusema uongo. Lisikieni vizuri jambo hili, kwa sababu nanyi pia hamsemi uongo. Kidani kilikuwa vilevile kweli. Mwaka jana kioo, mwaka huu kioo.

Ikawa Sabaha ameposwa na kijana wa mji mwingine. Kijana alilelewa na shangazi yake, Bi Zaituni, mwuza vitambaa, mwanamke aliyezoea kuivuta nguo kwa vidole viwili kabla ya kuinunua. Aliposikia kwamba kidani cha ukoo kitakwenda na bibi harusi, alisema kwao kila kinachoingia nyumbani hupimwa, hata chumvi huonjwa. Akaelezwa desturi ya mji. Akasema marehemu wa watu anawaheshimu, lakini anayeozwa yu hai, na siku ya kuonyesha vyombo vya harusi angependa jauhari akipime kidani mbele ya watu wa pande zote mbili. Mwinyi Shaame angewezaje kukataa? Anayekataa kupimwa ameshajibu. Akatabasamu, akasema hapana neno.

Tangu wiki ile maneno yakaanza kutembea. Mwinyi mwenyewe aliyatia miguu, kwa sauti ya masikitiko. Alisema Mize siku hizi jicho lake si lile. Anatoka alasiri bila kutumwa. Ameonekana mtaa wa masonara wakati si wa kusafisha vito. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema, akashusha pumzi, na waliomsikia wakashusha pumzi pamoja naye. Girdhari aliyasikia dukani kwake, akayaona ya kawaida, kwani watumishi husemwa. Hakuyaunganisha na kidani. Au hakutaka kuyaunganisha, na kati ya hayo mawili Mungu ndiye ajuaye.

Siku ilipofika, Girdhari alioga, akavaa koti lake jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni, akatia lenzi mfukoni. Njiani alifanya shauri na nafsi yake. Leo nimeulizwa, alijiambia. Nikiulizwa sitadanganya, hata awe Mwinyi Shaame. Akajiona jasiri. Alikuwa anakwenda kusema kweli mbele ya mkubwa, na hatua zake zikawa nyepesi.

Ukumbini watu walikuwa wamekaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na katikati vyombo vya harusi vimepangwa juu ya mkeka: masinia, mashuka, visanduku, marashi. Kidani kikaletwa juu ya mto mdogo. Girdhari akakitwaa. Akaligusisha jiwe mdomoni, akangoja. Akaenda dirishani penye mwanga, akatazama kwa lenzi, ingawa hakuwa na haja ya kutazama, kwani viputo vile alivijua kama anavyovijua vidole vyake. Bi Zaituni akamwuliza ni yakuti au si yakuti. Akajibu si yakuti, ni kioo.

Mwinyi Shaame akajishika kichwa kwa mikono miwili. Lakini angalieni, hakuuliza imekuwaje. Mtu aliyepigwa na habari asiyoitazamia huuliza imekuwaje. Yeye aliuliza, kwa upole, ni nani hukibeba kidani hiki kila mwaka. Watu wote wakageuka kutazama mlango wa uani, ambapo Bi Mize alikuwa amesimama na sinia la vikombe vya kahawa. Mmoja akanong'ona kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Vijana wakatumwa chumbani kwake, wakapekua godoro, kikapu na chungu. Hakukutwa kitu, na hilo nalo likawa ushahidi, kwamba mwizi hodari haachi kitu.

Bi Mize aliliweka sinia chini polepole, asimwage hata tone. Hakulia. Hakumwapia mtu kwa Mungu. Alikuwa anafikiri, na waliomtazama walisema baadaye kwamba uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta sindano aliyoiweka mwenyewe. Kisha akampata aliyekuwa anamtafuta. Akapita katikati ya vyombo vya harusi mpaka mbele ya Girdhari.

"Mzee Girdhari," akasema, "kila mwaka ulikitazama kidani hiki mbele yangu ukaniambia kiko vilevile. Waambie basi kimekuwa kioo tangu lini."

Neno moja lilihitajika. Alikuwa nalo. Lilikuwa limekaa kinywani mwake tangu ujana, na sasa lilikuwa limeombwa na mtu mwenye haki ya kuliomba. Lakini kabla ya kulitoa Girdhari aliona mbali. Aliona kwamba akisema ni kioo tangu ujana wangu, kila mwanamke aliyekaa ukumbini ataweka mkono shingoni. Kesho watakuja dukani na masanduku ya bibi zao, na watataka kujua ni mara ngapi aliwaambia kiko vilevile juu ya vioo. Aliliona duka la babu yake limefungwa. Akaiona nyumba ya Mwinyi imeanguka, na harusi imevunjika, na watu wote wanamtazama yeye kama aliyeivunja. Akayaweka hayo yote upande mmoja wa mizani. Upande wa pili akamweka mwanamke mmoja, mtumishi, aliyenuka moshi wa jiko. Akapima. Kazi yake ilikuwa kupima.

"Mimi nimeulizwa jiwe," akasema. "Sikuulizwa siku."

Akakunja lenzi yake, akaitia mfukoni.

Mtasema, kwani wengine hawakuwa na vinywa? Walikuwa navyo. Ilitosha mtu mmoja aseme, haya, sasa twakuuliza siku. Ilitosha Bi Zaituni, aliyeonja hata chumvi, aonje na jibu lile. Lakini swali lilikuwa limeulizwa na mtumishi, na swali la mtumishi katika nyumba zetu si swali, ni makelele. Mnyonge hana haki, tunasema, na tunasema hivyo kwa masikitiko, kana kwamba haki yake imechukuliwa na mvua. Haikuchukuliwa na mvua. Ilichukuliwa mchana, ukumbini, na watu waliovaa vizuri. Nami nikiieleza habari hii kila mara damu hunichemka, na sitaki ipoe.

Wahindi wanasema jauhar ya mtu huonekana pale mambo yanapomfika shingoni. Siku ile yalimfika Girdhari shingoni. Kilichokuwamo ndani yake kikatoka nje, kikasimama mwangani. Watu wakakiona na wakakiita ukweli.

Sabaha alitoka chumbani kwa bibi harusi, akakimbia, akamkumbatia Bi Mize kiunoni kama alivyokuwa akifanya utotoni. Baba yake akamwambia aingie ndani. Akaingia. Mikono iliyofundishwa ukili na mwanamke yule ikamwachia, na miguu iliyofundishwa kutembea naye ikarudi chumbani. Bi Mize akatoka na kikapu chake na leso ya pili. Mwinyi akatangaza kwamba kwa ajili ya miaka aliyomtumikia hatampeleka kwenye sheria, anamwachia Mungu. Wakamsifu kwa huruma yake. Hakuna aliyekumbuka kwamba mahakamani kuna watu ambao kazi yao ni kuuliza siku.

Harusi ikafanyika. Bi Zaituni aliridhika, maana nyumba iliyoibiwa si nyumba iliyodanganya. Aliyeibiwa anapewa pole, na heshima yake inabaki mahali pake, pengine inaongezeka. Alikwenda kwao akisimulia jinsi masikini Mwinyi Shaame alivyougua kwa ajili ya yakuti ya mama yake.

Sasa, katika mtaa wa masonara kuna mtaro unaopita mbele ya maduka. Jioni masonara hufagia, na vumbi la sakafuni, pamoja na maji ya kunawia mikono, humwagwa humo, na katika vumbi hilo huwamo chembe za dhahabu zilizoruka chini ya nyundo na tupa. Tangu zamani kuna wanawake wasio na kazi nyingine huchota tope la mtaro, wakalisukasuka kwa maji katika karai mpaka kibaki kinachong'aa kidogo. Ni kazi ya aliyekosa. Bi Mize aligonga milango ya mji akitafuta kufua na kupika, na kila mlango ukakumbuka yakuti. Mwisho alikaa mtaroni na karai la kuazima. Mahali palipokuwa wazi palikuwa mbele ya duka la Girdhari, kwa sababu duka la jauhari halina dhahabu nyingi ya kuanguka, na wenzake hawakupagombea.

Hivyo kila asubuhi Girdhari alipofungua milango alimwona. Bi Mize hakumtukana, wala hakumlaani, wala hakumtazama. Alisuka karai lake. Na wateja walikuwa wengi kuliko zamani, maana sifa ya Girdhari ilikuwa imepaa. Wazazi walimwonyesha kwa watoto wao, wakisema huyu ndiye aliyesema kweli mbele ya Mwinyi Shaame bila kupepesa. Akawa anazisikia sifa hizo huku karai linakwaruza nje. Chakula kikaanza kumshinda. Mkewe akamwuliza ana nini, akasema ni tumbo.

Basi akafanya wanavyofanya watu wa namna yake. Alimtuma mkewe na mfuko wa mchele na doti ya khanga, ampe Bi Mize bila kutaja vimetoka kwa nani. Mama yule alikuwa mwanamke mwema. Akachutama kando ya mtaro, akasema dada, pokea. Bi Mize alifunga vizuri kinywa cha mfuko, akauinua kwa mikono miwili kwa adabu, akaurudisha mpaka mlangoni mwa duka, na Girdhari yupo ndani anasikia.

"Shemeji, mwambie mwenyewe," akasema, "sikumwomba mchele. Nilimwomba siku."

Maneno hayo yalimwingia Girdhari yakakaa. Siku kadhaa alihangaika nayo, kisha akakata shauri. Alivaa lile koti jeupe akaenda kwa Mwinyi Shaame. Alimkuta barazani asubuhi, peke yake, anakunywa kahawa. Njiani alikuwa amepanga maneno, na sasa aliyasema yote bila kusita, na moyo wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu harusi. Alisema kidani kilikuwa kioo tangu yeye kijana. Alisema baba yake alijua. Alisema Mize hakuiba kitu, na jambo hili limemlemea, na amekuja kulitua.

Mwinyi Shaame alimsikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza bei. Kisha akammiminia kahawa.

"Najua," akasema. "Mama aliniambia kabla ya kufa. Na nilijua kwamba wewe unajua. Kwani kwa nini sikumwita jauhari wa mji mwingine? Nilikutegemea wewe, Girdhari, na hukuniangusha."

Girdhari alikaa na kikombe mkononi. Alikuwa amedhani kwamba ukimya wake ni wake, aibu yake ya siri, dhambi ndogo ya mtu mmoja aliyeogopa. Kumbe ulikuwa umehesabiwa tangu mwanzo. Mwenye nguvu alikuwa amejenga nyumba yake juu ya ukimya huo, kama mtu anayejua udongo wa kiwanja chake. Yule mwanamke hakuangushwa na uongo wa Mwinyi peke yake, kwani uongo wa Mwinyi usingesimama hata nusu saa bila mtu mwaminifu wa kuukalia kimya. Hasira zikampanda. Kwa kitambo aliona kwamba anaweza kuinuka, kutoka barazani pale, kufika njia panda penye watu, na kuitaja siku. Hakuna aliyemshika mkono. Hakuna aliyemtisha. Mwinyi hakumwomba hata anyamaze.

Akanywa kahawa. Akasema ahsante. Alipotoka hakupita mtaa wa masonara, alizunguka nyuma, penye kuta tupu, akaingia dukani kwake kwa mlango wa uani.

Bi Mize yu hai. Mgongo umeanza kumpinda, na kwa watoto wa mtaa ule yeye ni mwizi wa yakuti, ndilo jina wanalolijua. Girdhari yu hai pia, anaheshimika, na hajasema uongo hata leo. Nanyi mliokaa hapa mbele yangu, mliosoma, mlioitwa kwenye vikao, mnaojua ni nani alifukuzwa kazi kwa kosa la mkubwa wake, ni nani alipokonywa shamba kwa ushahidi wa kupanga, ni binti gani alibebeshwa aibu ya mwanamume, kila mmoja wenu anaijua siku ya mtu fulani. Mnangoja nani awaulize?